Ufundi wa Kusema Mkutanoni

Katika mkutano wa kijiji kisiwani Mafia, msemaji hodari humtambui mapema. Mwenyekiti amefungua, muhtasari wa mkutano uliopita umesomwa, yatokanayo yamepita, na mtendaji amemaliza mapato na matumizi kwa sauti ya mtu anayetamani kukaa. Vijana wawili watatu wamekwisha kusimama, kila mmoja na hasira yake, wote wakisema jambo lile lile. Yeye bado amekaa, kofia ameisogeza nyuma kidogo, macho chini. Ukimwangalia utadhani amechoka, kumbe anapanga. Mkono wake unapopanda, mwenyekiti hamwiti papo hapo. Huwapa kwanza nafasi wenye maneno mafupi, kwa kuwa anajua huyu akishasema, wengi watashusha mikono.

"Bwana mwenyekiti," anaanza, "mimi sina mengi."

Kila Mtanzania aliyekaa mikutanoni anaijua kauli hiyo, na anajua kuwa wengi wanaoitamka wana mengi kuliko wote. Kinywani mwa fundi ni ahadi, naye huitimiza. Atashika mambo mawili, pengine moja tu, na atakaa kabla watu hawajaanza kuangalia jua.

Nimewasikiliza wasemaji wa namna hii kwa muda mrefu, na kila mara najikuta nikifuatilia jinsi wanavyosema kuliko wanachosema. Chukua salamu. Mgeni kutoka mjini huiona kama adabu tu, jambo la kumaliza haraka ili aingie kwenye hoja. Fundi huitumia kazi. "Asalaam aleikum" ya kwanza huitoa kwa sauti ya chini, na wanaoitikia ni wa mbele. Ya pili huipandisha, wa nyuma nao wanaitikia, mtoto aliyekuwa akilia anatolewa nje, waliokuwa wakinong'ona wanageuka. Akifika ya tatu amekwisha kujua sauti yake inafika wapi. Kipaza sauti hakuna. Mkutano uko chini ya mwembe au kwenye uwanja wa shule, na miezi ya kusi upepo hauna simile. Aliyezoea husimama upande ambao upepo unampiga mgongoni, ukamchukulia maneno hadi kwa wasikilizaji. Inasimuliwa kwamba Demosthenes wa Athens alijifunza kusema kwa kushindana na ngurumo za mawimbi ufukweni, vijiwe mdomoni. Huku pwani watu wameona ni nafuu kugeuka tu.

Baada ya salamu huwataja waliomtangulia. "Vijana wamesema, na mimi siwapingi." Hapo amefanya mambo mawili kwa pumzi moja: amewaondolea vijana aibu ya kurekebishwa mbele za watu, na ameuambia mkutano kuwa hatarudia yaliyokwisha kusemwa. Kisha ananyamaza. Ukimya wake hauzidi muda wa kumeza mate, lakini hapo ndipo mkutano mzima unapomwangalia.

Hoja yenyewe huianzia kwenye kitu ambacho kila aliyekaa pale amekiona kwa macho yake. Kama mjadala ni wa nyavu, haanzi na sera ya uvuvi. Anaanza na dema lililopandishwa wiki ile, na samaki waliokuwamo, na ukubwa wao. Halafu anauliza swali asilotaka lijibiwe. Halafu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, anaomba. "Naomba mkutano huu uamue, na mtendaji aandike, kwamba..." Hakai kabla hajaomba kitu kinachoweza kuandikwa kwenye muhtasari. Wale vijana wa mwanzo walilalamika, tena kwa haki, lakini hawakuomba lolote, na katika kumbukumbu za kijiji maneno yao yatabaki mstari mmoja: wajumbe walichangia. Ya huyu yatakuwa azimio.

Jukwaa hili si hisani ya mtu. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982, inamfanya kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, hutoka humo. Kwa hiyo mvuvi wa kisiwa kidogo cha Jibondo, mkulima wa mwani na fundi wa vyombo wote wana haki ya kusimama na kusema mbele ya serikali yao, na kudai majibu. Kwamba mikutano mingine huahirishwa kwa kukosa akidi ni kweli, na ni hadithi ya siku nyingine.

Mafia imekuwa na mambo mazito ya kusemea. Mwaka 1995 sehemu ya kusini ya kisiwa, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, iliingizwa katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla. Kabla ya hapo wavuvi wa baruti walikuwa wakilipua matumbawe, na wenyeji wengi waliitaka hifadhi kwa sababu hiyo. Ilipokuja, ilikuja pia na mipaka, vibali na orodha ya zana zisizoruhusiwa, na watu walewale wakawa na la kuuliza. Tangu hapo mikutano ya vijiji vya hifadhini imekuwa na hadhira mbili. Mezani wamekaa maofisa na wageni, wenye mafaili. Mikekani na kwenye madawati wamekaa wenyeji. Msemaji anatakiwa kuwafikia wote kwa maneno yale yale, bila kuwakera wa mezani na bila kuonekana na wa mikekani kwamba amenunuliwa.

Ndipo utaona thamani ya zile "bwana mwenyekiti" zinazorudiwa kila baada ya sentensi mbili. Fundi hamjibu ofisa moja kwa moja, hata ofisa akiwa amekaa hatua tatu mbele yake. Kila neno analipitishia kwa mwenyekiti, hata neno kali. "Bwana mwenyekiti, nilikuwa naomba kufahamishwa, zile fedha tulizoahidiwa zimeishia wapi?" Ofisa ameulizwa, mkutano mzima umesikia, na hakuna aliyegombana na mtu. Bunge lina kanuni ndefu kwa kazi hiyo hiyo. Mzee wa Mafia hajawahi kuzisoma na anazifuata vizuri kuliko baadhi ya waheshimiwa.

Amejifunzia wapi? Sehemu kubwa ni msikitini. Mtoto wa kiume wa Mafia amesikiliza hotuba ya Ijumaa tangu alipokuwa hajui hata kukaa sawasawa, na hotuba ya Ijumaa katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu, ina nguzo tano zisizopunguzwa: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia uchamungu, kusoma aya ya Kurani, na kuwaombea waumini. Hotuba ni mbili, na khatibu hukaa kidogo katikati. Mtu aliyekulia chini ya mimbari hiyo hahitaji kuambiwa kwamba maneno yanataka mpango na kwamba msikilizaji anataka mahali pa kupumua. Ipo pia hadithi mashuhuri ya Mtume, iliyopokewa na Muslim, kwamba mtu kurefusha sala na kufupisha hotuba ni dalili ya ufahamu wake. Makhatibu wanaijua. Wapo wanaoisahau wakishika fimbo ya mimbari.

Lakini shule si msikiti peke yake. Ipo posa, ambapo mshenga hutumwa kusema kwa niaba ya wengine na hapaswi kukosea hata jina moja. Upo mnada wa samaki, ambapo dalali hana nafasi ya salamu tatu na hupima uso wa mnunuzi huku bei ikipanda. Zipo shughuli za wanawake, ambako somo humfundisha mwali kwa maneno ambayo mwanamume hayasikii, na huko wamo wasemaji ambao sifa zao hazivuki ua. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na kurudi mara kwa mara kwa miongo kadhaa, alichapisha mwaka 1997 kitabu kiitwacho African Voices, African Lives, na kiini chake ni simulizi za watu wa familia moja ya kijijini, mume, mke na binti yao. Alikuwa na busara ya kuwaachia waseme. Watu waliofunzwa na baraza na ua, si na darasa, wakajaza kitabu cha chuo kikuu.

Mkutanoni wanawake hukaa upande wao na mara nyingi husema kidogo. Anayesimama huanza kwa kujishusha: "Mimi mwanamke, mambo ya mikutano siyajui." Usidanganyike. Baada ya hapo ataeleza safari ya maji tangu alfajiri, ndoo kwa ndoo, mpaka wanaume wanaanza kuchora chini kwa vijiti, kisha ataomba kamati ya maji iitishwe wiki hiyo hiyo. Nimeona hoja za wasomi zikianguka na ombi kama hilo likipita bila mpinzani.

Sasa mfuate kijana wa kisiwa hiki anapopata nafasi ya chuo. Amepanda chombo Kilindoni, ameshuka Nyamisati, amechukua basi, na baada ya majuma machache amekaa katika ukumbi wenye mamia ya wenzake kwenye somo la Stadi za Mawasiliano, ambalo katika vyuo vyetu vingi ni la lazima kwa mwaka wa kwanza. Humo atafundishwa kuandika insha, kunukuu vyanzo, kusikiliza mhadhara, na siku moja ataambiwa ajiandae kusimama mbele na kusema kwa dakika tano.

Sina dharau na somo hilo hata kidogo. Linafanya jambo ambalo kijiji hakiwezi, nalo ni kumruhusu mtu avurunde bila gharama. Kijijini hotuba mbaya hukufuata hadi kisimani, na waliovurunda mara moja wengi hawasimami tena. Darasani ukivurunda Jumatatu unarudia Alhamisi. Mwalimu mzuri atamwonyesha mwanafunzi kwamba pumzi inaishia kifuani wakati ingetakiwa kushuka tumboni, na ndiyo maana sauti inatetemeka. Atamnyang'anya karatasi iliyoandikwa kila neno na kumwachia kadi ndogo yenye maneno manne. Atamwambia achague watu watatu, kushoto, katikati na kulia, awaangalie kwa zamu mpaka wamsahaulishe wengine. Atamlazimisha kufanya mazoezi kwa sauti, amesimama, kwa sababu hotuba iliyosomwa kimoyomoyo kitandani ni hotuba nyingine kabisa. Haya ni maarifa ya kweli. Mzee wa kijijini anayo, lakini hawezi kukuambia anayo. Yamekaa mwilini mwake kwa miaka arobaini. Kuyataja moja moja ili mtu wa miaka 20 ayashike kwa muhula mmoja ni ufundi wa aina yake, na walimu wanaoufanya kwa darasa la mamia wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Hata hivyo nikisikiliza hotuba za darasani, nasikia upungufu uleule wa vijana wa mkutanoni. Hazimwombi mtu kitu. Mada ni umuhimu wa kutunza mazingira, faida na hasara za simu za mkononi, nafasi ya vijana katika maendeleo. Mwanafunzi anapanga utangulizi, kiini na hitimisho, anaonyesha slaidi, anashukuru kwa kusikilizwa, anapigiwa makofi, anapewa alama. Hakuna aliyetakiwa kuamua lolote. Ukimuuliza alitaka wenzake wafanye nini baada ya kutoka pale, anashangaa.

Na kuna la pili, zito zaidi: anasema kwa Kiingereza. Kijana aliyezaliwa katika Kiswahili, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akayasikia maneno yakipangwa kwa Kiswahili barazani na msikitini, anasimamishwa siku ya kwanza ya kujifunza kusema katika lugha ambayo bado anaitafutia vitenzi. Kila kitu alichokuja nacho kutoka nyumbani, ile salamu inayopima ukumbi, ule ukimya, lile swali lisilotaka jibu, anakiacha mlangoni, kwa sababu akili yote imekwenda kwenye sarufi. Mwalimu anaandika kwamba hajiamini. Mweke mwanafunzi huyo huyo kwenye mkutano wa kijiji chake uone kama hajiamini.

Natambua haja ya Kiingereza. Anayetaka kuwaongoza wageni wanaokuja Mafia kuogelea na papa potwe kati ya Oktoba na Machi hawezi kuwaeleza kwa ishara, na vitabu vya taaluma nyingi bado ni vya Kiingereza. Lakini hesabu mahali ambapo mhitimu wetu atasimama kweli. Bunge linaendeshwa kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Muuguzi atasema na akina mama kliniki kwa Kiswahili, bwana samaki atasema na wavuvi kwa Kiswahili, na mtendaji atasoma yale mapato na matumizi kwa Kiswahili, tena tungependa ayasome vizuri kuliko yule wa leo. Tunawafunza watu kwa ajili ya hadhira ambayo wengi wao hawataiona.

Mfano wa kufundishia tunao, na ni wa ndani. Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mwanasiasa, na alibaki hivyo jukwaani. Novemba 1978, alipolitangazia taifa kwamba Tanzania itampiga Idi Amin, uzito wote aliuweka katika vitu vitatu: sababu, nia na uwezo. Aliyesikia redioni aliweza kwenda kumpa jirani asiye na redio bila kupoteza hata kimoja. Kipimo hicho kinatosha kupimia hotuba yoyote: je, asiyekuwapo anaweza kuletewa? Mafia, ambako nusu ya kijiji huweza kuwa baharini siku ya mkutano, swali la kwanza la anayerudi ni "wamesemaje?", na maneno yasiyobebeka hufia palepale.

Mwaka 1995, akizungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, Mwalimu alitumia taswira ya nyumba iliyotikiswa na tetemeko, ambayo mwenyewe analazimika kuizunguka atafute nyufa. Kisha akazionyesha, ufa baada ya ufa: Muungano, rushwa, ukabila, udini. Wengi waliokuwa hai siku hizo bado wanazikumbuka. Sikiliza kanda yake ukiwa na kalamu mkononi. Utaona jinsi anavyocheka katikati ya jambo zito, anavyorudia swali mpaka ukumbi ulisikie, anavyoshusha sauti pale ambapo msemaji mchanga angeipandisha. Taswira aliileta moja, akakaa nayo mpaka mwisho. Msemaji mchanga huleta tano, na kila moja huifukuza iliyotangulia.

Mwalimu huyo huyo ndiye aliyetafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa likatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sijui darasa zuri zaidi la kusema mbele za watu kuliko zile hotuba mbili za msiba wa Kaizari. Bruto anapanda kwanza, anatoa hoja safi, anaamini watu watafuata akili. Antonio anapanda baadaye, anasema hakuja kusifu, anashika vazi lililotobolewa, anataja wosia na kukataa kuusoma mpaka umati wenyewe umlazimishe. Mwanafunzi akizisoma kwa sauti zote mbili kwa Kiswahili, mbele ya wenzake, ataujua ufundi huo pamoja na hatari yake. Mtu wa Mafia atamtambua Antonio mara moja. Amekwisha kumwona mkutanoni, akisema hana mengi.

Walimu wa Stadi za Mawasiliano, nanyi wakuu wa vyuo mnaopanga mitaala: hotuba ya kwanza ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza iwe kwa Kiswahili. Mpeni jambo halisi la chuo chenu, foleni ya maji bwenini, saa za maktaba, nauli ya basi, na mbele yake mketisheni mtu mwenye uwezo wa kulikubali au kulikataa ombi lake, na karani wa kuandika kilichoamuliwa. Hotuba ya Kiingereza ifuate juma linalofuata.